Ukame Uliozaliwa Mezani

Dada yangu kazi yake ilikuwa kulinda matope. Usicheke. Mimi nimecheka miaka ishirini na saba, kicheko changu kinatutosha wote. Watu wakiniuliza, "Dada yako anafanya kazi gani?" nilikuwa najibu, "Yuko maabara," halafu nanyamaza hapohapo, mtu adhani labda anapima damu. Huko kazini walimwita Bibi Matope, naye aliitika bila kununa.

Ghala lake lilikuwa chumba kirefu nyuma ya jengo la maabara, baridi kama friji, maana kweli lilikuwa friji: mlango mzito wa chuma, mashine ikinguruma ukutani, na rafu kutoka sakafuni mpaka darini. Kwenye rafu yalilala mabomba ya plastiki yenye urefu wa mita moja moja, yamejaa tope lililotolewa chini ya ziwa. Watu wa maabara huenda na jukwaa linaloelea mpaka katikati ya maji, wakashindilia bomba chini, wakalivuta, na tope likatoka limepangika vilevile lilivyokuwa limelala, la juzi juu, la kale chini. Kisha bomba hupasuliwa kwa urefu kama muwa. Nusu moja ni ya kazi, hiyo watafiti huikwangua watakavyo. Nusu ya pili ni ya akiba, hufungwa na kupigwa muhuri, na haiguswi ila kwa idhini ya Mkuu wa maabara, tena kwa maandishi. Funguo za vyote hivyo dada alizivaa shingoni kwa kamba ya kiatu.

Mimi ni fundi cherehani, ninayoyajua ni pindo na vifungo. Lakini dada ndiye aliyenilea tangu mama yetu alipofariki, nikiwa na miaka minane, na mtu aliyekulea hata akizungumza matope utamsikiliza tu. Siku moja nikamwuliza, kwa kebehi zangu, hayo matope huwa yanamwambia nini. Akainuka, akachukua birika langu la chai, akafungua kifuniko na kunisukumia puani.

"Unaona huo ukoko mweupe?"

"Birika nalisugua kila wiki, dada, usinianze."

"Nani amekutukana? Huo ukoko ni madini yaliyokuwemo ndani ya maji. Maji yakigeuka mvuke, yenyewe hayana pa kwenda, yanabaki. Ziwa nalo ni hivyohivyo. Mvua zikikatika miaka mingi, maji yanapungua, chokaa inaganda, jasi, ile ya kutengenezea chaki, inaganda, vinashuka chini. Mvua zikirudi, mito inaleta udongo mwekundu, unafunika ule weupe. Ukipasua bomba unaona kila kitu: hapa watu walikufa kiu, hapa walikimbia maji."

"Na wewe unayasoma?"

"Mimi nalinda. Wanaosoma wana vyeti."

Haya. Alisema hivyo, lakini mimi si mtoto. Mtu aliyefunga na kufungua kitu kimoja miaka ishirini na saba huyo amekisoma, cheti awe nacho asiwe nacho.

Basi akaja binti mmoja pale maabara, anasomea udaktari, ule wa vitabu, si wa sindano. Alivaa miwani mikubwa iliyomteremka kila akiinama, na dada akampa jina la Miwani. Binti mchapakazi huyo! Alishinda na matope hata chakula akasahau, ikawa dada anampelekea chai na kumsimamia mpaka ainywe. Kwenye nusu moja ya kazi, ndani ya tope la miaka elfu nne iliyopita, Miwani akakuta mkanda wenye jasi tele. Akahesabu, akapima, akasema: hapa palikuwa na ukame wa miaka sitini. Miaka sitini! Maprofesa wakampigia makofi. Ofisi ya maji ya mji wetu, mji unaokunywa ziwa lilelile, ikaomba nakala, maana walitaka kujua ziwa likiamua kuwakaukia linaweza kuwakaukia kwa muda gani. Zikabaki wiki sita asimame mbele ya jopo, atetee kazi yake, awe daktari.

Alasiri moja Miwani akapiga kelele kutoka kwenye hadubini: "Mama! Njoo uone, Mama, ni nzuri!"

Dada akaenda akainama. Akaona sindano za jasi, nyeupe, ndefu, zenye ncha kali, zimejipanga kandokando ya ufa kama meno ya kitana. Akasema, "Nzuri kweli, mwanangu." Akaaga, akaja moja kwa moja dukani kwangu, akakaa kwenye kigoda cha wateja bila kuvua mkoba begani.

"Kuna nini?" nikamwuliza. "Nani kafa?"

"Jasi ya kale haiwi vile," akasema. "Jasi iliyolala kwenye tope miaka elfu nne huwa butu, imelika pembe, ina udongo tumboni. Ile niliyoiona leo ni mpya. Ni changa mno."

"Sasa wewe inakuhusu nini?"

Ndipo akanieleza, na nilipoelewa nikazima cherehani.

Miaka mitatu nyuma kidole tumbo kilinipasukia, nikaanguka hapahapa dukani. Simu ilipompata, dada alikuwa kwenye chumba cha kupigia picha, na juu ya meza kuna nusu kumi na moja za kazi, zimefunguliwa nailoni zake, wazi kabisa, zinasubiri kamera. Ile ni kazi ya nusu saa: unafungua, unapiga picha, unafunga, unarudisha kwenye baridi. Yeye akafunga mlango kwa ufunguo akakimbia. Nikalala hospitali siku kumi na tisa, siku sita za mwanzo sijitambui, naye hakuondoka pembeni ya kitanda changu. Mpiga picha alikuwa likizo, dada ndiye aliyeshika nafasi yake, kwa hiyo hakuna mwingine aliyeufungua mlango ule. Chumba kile kina dirisha la jua. Aliporudi kazini akakuta tope limekauka, limepasuka nyufa kama kisigino. Akafanya nini? Akachukua chupa ya kunyunyizia, akalilowesha tope mpaka nyufa zikakaribia kujifunga, akazifunga zote nailoni mpya, akarudisha rafuni. Hakumwambia mtu. Na nusu aliyokuwa akiikwangua Miwani ilikuwa mojawapo ya zile kumi na moja.

"Nilijiambia tope ni tope, likilowa linarudi," akasema.

Dada alibakiza mwaka mmoja na nusu astaafu. Mlinzi wa ghala aliyekausha mali ya ghala na kuficha, nani atamwacha kazini? Na sababu yenyewe ni mimi, na utumbo wangu.

"Funika kombe mwanaharamu apite," nikamwambia. "Nani anajua? Wewe na mimi. Basi. Binti apate udaktari wake, wewe upate mapumziko yako."

Akasema kitu cha ajabu: "Lakini huenda nimekosea. Huenda ukame ulikuwepo kweli."

"Si ndiyo! Umeona?"

"Sijaona. Nataka kuona."

Kesho yake akaniletea kipande cha tope kwenye kisahani. Kumbe bomba likipasuliwa kuna mabaki yanayokwanguliwa katikati, huwekwa kwenye mifuko ya kubana, kila mfuko umeandikwa ni ya kina gani. Mfuko wa kina kile, kutoka bomba lilelile, ulikuwa bado kwenye baridi, haujafunguliwa tangu siku ya kwanza. Tope lenyewe jeusi, laini, linanuka mayai viza. Akalipitisha kwenye lenzi yake ya mkononi mbele yangu: hakuna jasi hata punje. Akakiweka kisahani dirishani kwangu, karibu na meza ya pasi, jua linapopiga.

"Siku kumi na tisa," akasema. "Likikauka bila kuota kitu, basi jasi ya Miwani ni ya kale na mimi nilale usingizi. Likiota, tutajua. Usiliguse. Wewe liangalie tu, lenzi nakuachia."

"Yaani nimekuwa yaya wa matope."

"Ndiyo. Na usilipigie kelele."

Nilivyokitukana kisahani kile siku za kwanza, Mungu anisamehe. Kilinuka, kilinichukulia nafasi ya bobini zangu. Mteja mmoja akaniuliza ni nini, nikamwambia ni tope la miaka elfu nne, akasogeza kitenge chake mbali taratibu. Lakini wiki ya kwanza haijaisha, nikajikuta nafungua duka asubuhi, na kabla sijafungua dirisha wala kumsalimu jirani, nimeinama juu ya kisahani na ile lenzi jichoni. Lo, kulikuwa na mambo mle! Kipande cha kombe la konokono mdogo kuliko kichwa cha pini. Vumbi linalometa kama shaba. Nikaanza kumkera dada kwa simu: hiki kinachometa ni nini? Akanieleza kwamba ni chuma na salfa vimeshikana, na kwamba vikiwa ndani ya tope bichi vimetulia kabisa, ila vikionja hewa vinaoza na kutoa tindikali, na tindikali inalila kombe la konokono. "Halafu?" "Halafu maji yakikauka, kinachobaki ni jasi." Nikakata simu nikamtazama yule konokono wangu kwa huruma.

Nilikuwa naomba kwa Mungu lisiote. Nasema kweli, sijawahi kuomba dua kwa ajili ya matope, nikaomba.

Siku ya kumi na mbili nikaona vinywele vyeupe kwenye ufa.

Nilisimama pale, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, nikajisikia kama nimemfumania mtu. Dada angekuja kukitazama jioni. Sikufikiri mara mbili. Nikalowesha kitambaa, nikafuta. Nikafuta taratibu, kwa ustadi, mimi fundi bwana, mpaka pakawa peusi kama mwanzo. Jioni dada akatazama, akasema, "Bado." Nami nikasema, "Bado," nikaendelea kutia uzi kwenye sindano, na uzi ukakataa kuingia.

Siku ya kumi na sita vikarudi. Si vinywele tena, ni sindano kamili, nene kuliko za kwanza, zimejaa kila mahali kitambaa kilipopita. Nikaketi. Kitambaa changu kibichi kililiongezea tope maji mengine ya kukauka! Nilidhani nafuta, kumbe napalilia. Na hapohapo nikaelewa ile chupa ya dada ya kunyunyizia ilifanya nini kwa zile nusu kumi na moja.

Ningeweza kufuta tena. Nilitaka. Lakini udadisi una ubaya wake, ukishajua kitu huwezi kujirudisha ulikotoka, na mimi nilikuwa nimejua. Dada alipokuja nikamkabidhi lenzi, nikamwambia yote, pamoja na kitambaa.

Akatazama kwa muda mrefu. Halafu akacheka! Akacheka mpaka akashika meza ya pasi. "Ulifuta? Wewe! Umelifanyia tope langu usafi?" Halafu kicheko kikamkatika. "Ndizo zenyewe," akasema. "Zilezile za Miwani. Ukame ule niliuzaa mimi, mezani."

"Dada, nakuomba."

"Mwanangu Miwani atauandika. Wengine watamnukuu. Watu wa maji watapanga mambo yao kwa ukame usiokuwepo. Na mimi nikae nakunywa chai ya kustaafu?"

"Watakufukuza!"

"Basi watanifukuza."

"Sitaki wakufukuze kwa ajili yangu!" Hapo nilipiga kelele, mteja aliyekuwa anaingia akageuza njia.

Jumatatu nikafunga duka nikaenda naye. Nilisema naenda kumbebea kisahani. Ofisini kwa Mkuu walikuwamo Mkuu mwenyewe, mzee mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, na Miwani aliyeitwa bila kuambiwa anaitiwa nini. Dada hakukaa. Alisema kila kitu kwa mstari mmoja ulionyooka: meza, dirisha, siku kumi na tisa, chupa ya maji, miaka mitatu ya kunyamaza. Hospitali aliitaja kwa neno moja, "nilipata dharura," akapita. Nikafungua mdomo niongeze, akanikanyaga mguu.

Mkuu akaandika idhini palepale. Tukaenda ghalani sote wanne, nimevaa koti la kuazima. Dada akashusha nusu ya akiba, akakata muhuri, akafungua nailoni. Sponji iliyowekwa mwishoni mwa bomba ilikuwa bado mbichi. Tope likang'aa jeusi, likanuka mayai viza, nami nikajikuta nafurahia harufu ile kana kwamba ni ya ndugu. Miwani akachota kidogo kwa kijiti, akaliweka chini ya hadubini ndogo aliyokuja nayo.

"Hakuna jasi," akasema. "Hakuna kabisa." Akazungusha tena. "Kuna zile chembe zinazometa. Nyingi sana, sijaona mkanda wenye nyingi namna hii." Nikaona mabega yake yanashuka. "Mkuu, hizi hujiunda pale tu chini ya maji panapokosa hewa kabisa. Maji ya kina kirefu. Ziwa halikuwa limekauka. Lilikuwa limejaa kupita wakati wowote mwingine kwenye bomba hili."

Yaani kinyume chake kabisa! Palipokuwa na chuma na salfa nyingi ndipo jasi ilipoota nyingi pale mezani, kwa hiyo miaka ya neema kuliko yote ndiyo iliyovaa sura ya ukame. Mimi nikaguna, "Salaale!" kwa sauti, na Mkuu akanigeukia kama ndiyo kwanza ananiona.

Miwani akavua miwani yake. Nilitegemea angemkumbatia dada, amshukuru, mambo ya namna hiyo. Wapi! "Ulijua bomba lilikauka," akamwambia. "Ukanikabidhi kwa mikono yako. Ukanipa na chai."

"Nilijua," dada akasema. "Nilichokuwa sikijui ni litafanya nini. Ila kwamba limekauka, nilijua."

Binti akatoka, akalia kwenye korido, na hakuna aliyethubutu kumfuata. Nisikuache ukihangaika: alifaulu. Ilimchukua miezi minane kuanza upya kwa nusu za akiba, na nasikia sura iliyowafurahisha zaidi jopo ni ile ya jinsi ukame wa uongo unavyoota ghalani. Binti anamsalimia dada kwa kutikisa kichwa tu mpaka leo, na dada anasema ni haki yake.

Mkuu hakupayuka. Alisafisha koo, akasema hamfukuzi, ila barua itaandikwa na kuingia kwenye jalada, na muda uliobaki ataumalizia chumba cha kuoshea vyombo vya kioo. "Ghala utakabidhi Ijumaa, Mama." Nikamwona dada akishika kamba ya shingoni kwa vidole viwili, kama mtu anayehakikisha bado ipo. Akajibu, "Sawa, Mkuu. Naomba Alhamisi nzima niwe peke yangu humo, kuna nusu nyingine kumi."

Peke yake! Nilimfuata hivyo hivyo. Nikamkuta ameziteremsha zote kumi na moja, amezipanga mezani, na mbele yake lebo mpya na kalamu ya wino usiofutika, na tope lile linamtazama. Kwenye kila moja alikuwa anaandika kwa mkono wake, herufi kubwa: *Nusu hii iliachwa wazi siku kumi na tisa, ikakauka, ikanyunyiziwa maji. Jasi iliyomo isiaminiwe.* Na chini yake jina lake kamili, lile ambalo hakuna aliyemwita kwalo pale ndani, na tarehe.

Nikavumilia mpaka ya sita.

"Andika na sababu," nikamwambia. "Andika mdogo wako alikuwa anakufa. Watu watakaokuja kusoma hapa miaka hamsini ijayo watadhani ulikuwa mzembe."

"Atakayesoma hapa anataka kujua jasi, hataki kujua mimi."

"Mimi nataka!"

Akaendelea kuandika. Ya saba. Ya nane. Mkono ulikuwa umemkakamaa kwa baridi, akaupulizia, akaishika tena kalamu.

"Unajuta?" nikamwuliza. Nilikuwa nimelibeba swali hilo tangu Jumatatu, na nilikuwa naliogopa.

"Sana," akasema bila kuinua kichwa. "Najuta ile chupa ya maji, najuta kunyamaza, na najuta yule mtoto anavyonitazama." Akamaliza jina, akaweka tarehe. "Lakini ule mlango niliofunga nikakukimbilia, hata leo ningeufunga. Hata kama mezani pangekuwa na ziwa zima."

Basi nikalia. Sikulia kiungwana, nililia kwa kelele, na chozi likaangukia lebo ya tisa kabla wino haujakauka, jina lake likachuruzika mpaka chini. Dada akaitazama lebo, akanitazama mimi.

"Toka nje ukalie huko," akasema. "Humu hayaruhusiwi maji."

Akachukua lebo nyingine, akaanza kuandika upya.